Je, Ni Vibaya Kuuza Saa ya Baba?



Mwezi uliopita ndugu mmoja aliyetoka Nyakabiga, Bujumbura, alitujia na swali. Alivua saa yake ya mkono akaiweka mezani. Ni saa ya Uswisi isiyotumia betri, yenye vitufe viwili ubavuni, ile inayoitwa kronografu. Ukibonyeza cha juu, mshale mrefu unaanza kuhesabu sekunde. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha mwanzo. Wakati huo wote saa yenyewe inaendelea kutembea. Baba yake, mwalimu wa michezo, aliitumia kupima mbio za wanafunzi. Mwaka 2015, maandamano na milio ya risasi ilipozidi Nyakabiga, ndugu huyu alitoka na watoto, mfuko mmoja, na saa hiyo imefichwa chini ya mkono wa shati. Sasa binti yake amekosa karo ya sekondari, na mfanyabiashara mmoja anaitaka saa. Je, akiiuza, atakuwa amemsaliti baba yake?

Swali hili si dogo. Wengi wetu tuliacha nyumba, picha na makaburi ya wazee. Kitu kimoja kilichobaki kinabeba vyote.

Tuangalie kwanza thamani ya saa inatoka wapi. Simu ya bei ndogo hutunza wakati vizuri kuliko kronografu ya gharama. Hata hivyo, Novemba 2016 huko Geneva, kronografu moja ya chuma ya kampuni ya Patek Philippe, ya aina ya 1518 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1941, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Za chuma zinazojulikana ni nne tu. Aliyenunua alilipia uhaba, kazi ya mikono na historia.

Na historia hiyo inatuhusu. Antoni Patek alikuwa askari wa Poland. Wapolandi waliposhindwa na Urusi mwaka 1831, aliikimbia nchi yake. Mwaka 1839, huko Geneva, alianzisha biashara ya saa pamoja na Franciszek Czapek, fundi saa aliyekuwa mkimbizi kama yeye. Baadaye aliungana na Mfaransa Adrien Philippe, aliyebuni saa isiyohitaji ufunguo wa kuitia nguvu. Hata kabla yao, katika karne ya 16, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa walipeleka ufundi wao Geneva. Urithi unaosifiwa leo katika maduka ya matajiri ulipitia mikononi mwa watu waliopoteza kwao.

Tangu 1996 kampuni hiyo imetangaza kwamba mwenye saa yake ni mtunzaji tu, kwa ajili ya kizazi kijacho. Ni maneno ya biashara. Lakini tukiyapima, tunaona kwamba kama baba ni mtunzaji, basi mwenye mali ni mtoto. Mtunzaji hawezi kuing'arisha mali huku mwenyewe anaharibikiwa. Saa ikigeuka kuwa shule, haijatoka mikononi mwa mrithi.

Hata hivyo, mtunzaji hana ruhusa ya kuitupa mali. Haraka na njaa huleta bei mbaya. Anayeuza bila kumwuliza fundi saa mwaminifu hupunjwa. Na anayeuza bila kusimulia humpa mtoto karo, akamnyima babu.

Tukamwuliza ndugu yetu, binti anajua nini juu ya babu yake? Akanyamaza. Hakuwahi kumsimulia, akidhani kunyamaza ni kumlinda. Nasi hatukuwa na la kumlaumu, maana tumefanya vivyo hivyo kwa watoto wetu.

Basi tulimshauri mambo matatu: amsimulie binti, aulize bei ya haki, kisha waamue pamoja. Akafanya la kwanza jioni ile ile. Binti hakuuliza bei. Aliuliza ni mwanafunzi yupi alikuwa na mbio kuliko wote, na baba yake akalikumbuka jina.

Saa bado haijauzwa, na karo bado inadaiwa. Huenda wataiuza kabla ya muhula kuanza, nasi hatutaona dhambi ndani yake. Lakini wapendwa, mwenye urithi wowote, hata kama ni jina tu, asimwache mwanawe bila habari yake.

Mungu awabariki.