Nani Amegundua Ziwa la Kabaka?

Wapenda matembezi mijini hulitumia kwa wepesi mno neno "kugundua". Mtu akipita uchochoro asioujua, akakuta mahali patulivu, husema amepagundua. Je, ni haki kusema hivyo juu ya mahali ambapo wengine wamezaliwa na kulelewa?

Tuutazame mji wa Kampala. Mgeni aghalabu huonyeshwa makaburi ya wafalme huko Kasubi, au jengo la Bulange pale Mengo. Ni wachache wateremkao hadi Ziwa la Kabaka, lililo kati ya Mengo na Ndeeba. Akifika hapo, akayaona maji yametanda katikati ya mji, mgeni hudhani amepata zawadi ya maumbile.

Kumbe ziwa hilo lilichimbwa kwa mikono ya watu katika miaka ya 1880, kwa amri ya Mwanga, Kabaka wa Buganda. Raia walilazimishwa kuchimba, wala wenye vyeo hawakusamehewa. Manung'uniko yaliyotokana na kazi hiyo yalikuwa miongoni mwa sababu zilizomwondoa Mwanga katika kiti chake mwaka 1888. Wahenga walisema kweli: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Yamkini mtu atapinga: "Mchovu aliyetafuta upepo wa ziwani, ya nini kumtwika huzuni za watu waliokufa zamani?" Hoja hii ina uzito. Kuburudika si dhambi, na machozi yetu hayamfai tena mchimbaji yeyote. Hata hivyo, kuifurahia kazi ya mtu bila kumtaja ni kumdhulumu mara ya pili. Kwanza alinyang'anywa jasho lake. Sasa ananyang'anywa hata kumbukumbu. Tena, kuijua habari yake hakuupunguzii upepo ubaridi wake.

Kwa hiyo, mgeni mwema hutambulika kwa swali lake: "Mahali hapa panaitwaje, na ni nani aliyepatengeneza?" Aulizaye hivyo hukiri kwamba mwenyeji alitangulia kujua, naye huketi kama mwanafunzi mbele yake.

Sisi walimu tuwatembezapo wanafunzi katika miji yetu, hatuna budi kuwazoeza kuuliza kabla ya kusifu. Jibu likipatikana, na waliandike kwa Kiswahili katika madaftari yao, pamoja na jina la mahali hapo kwa lugha ya wenyeji.