Darsa ya Ramadhani 12: Huyo si mvivu



Mzazi mwenzangu, leo tumzungumze yule kijana wako ambaye akiinuka tu kitandani anashika ukuta. Moyo unamwenda mbio, macho yanaingia giza, anakaa chini. Hospitali wamempima amelala, presha nzuri, damu nzuri, mkarudi. Basi nyumbani maneno yakaanza: mvivu, anadeka, anakwepa funga. Wengine, jini.

Ndugu yangu, kuna maradhi ya ile mishipa ya fahamu inayoendesha mapigo ya moyo, presha na jasho bila sisi kuiamuru. Aina moja huwapata sana vijana, hasa wasichana. Madaktari huiita POTS. Akisimama, damu nyingi inabaki chini, moyo unakimbia kuifidia. Kwa wa miaka 12 hadi 19, dalili kubwa ni mapigo kupanda kwa 40 au zaidi kwa dakika, ndani ya dakika 10 za kusimama. Mwombe daktari ampime amelala, kisha amesimama.

Na tiba ya mwanzo? Maji mengi mchana kutwa, mara nyingi na chumvi ya kuongeza. Maji! Kile kile tunachokiacha tangu alfajiri.

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, na akatueleza kuwa anatutakia wepesi. Hakuweka sharti kwamba azimie kwanza mbele yetu ndipo tumwamini. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Akaambiwa aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Hiyo ni faradhi, ambayo kusimama ni nguzo yake. Seuze tarawehe?

Huyu mtoto tayari anakosa shule, mpira kaacha, marafiki wamepungua. Halafu Ramadhani inakuja, naye anajificha chooni kunywa maji kama mwizi, ndani ya nyumba ya babake! Mwekee chupa yake mezani. Mpe kazi ya kugawa tende magharibi, asome juzuu yake amekaa, na msikitini awekewe kiti bila kuulizwa ulizwa.

Kuhusu deni la siku zake: daktari aseme kama anaweza kufunga, na kama nafuu inatarajiwa. Vijana wengi huipata wakikua. Ikitarajiwa, atalipa baadaye. Isipotarajiwa, ni fidia, kulisha maskini kwa kila siku. Mpelekeeni sheikh wenu majibu hayo, na kijana mwenyewe awepo.

Kesho inshaAllah, zakatul fitri.