Deni la Elimu

Elimu ni mali, lakini ni mali yenye tabia ya peke yake. Mali nyingine hupungua igawanywapo, elimu haipungui. Mali nyingine huibwa. Elimu haina mwizi. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba elimu haina deni, na kwamba aliyeipata anaimiliki peke yake. Wazo hili lafaa kupimwa. Tulipime kwa mfano wa kijana wa mitaa ya mashariki ya Nairobi aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya uhasibu, akaajiriwa, na sasa anatamani shahada ya uzamili katika elimu hiyo hiyo. Je, ana haki ya kuitafuta? Na akiipata, itakuwa ya nani?

Kwanza tumjue kijana huyu atokako. Katika Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Bahati, nyumba nyingi zilijengwa kabla ya uhuru kwa ajili ya wafanyakazi wa reli na wa baraza la mji. Mfanyakazi alidhaniwa kuwa mpita njia, na chumba kimoja kilihesabiwa kumtosha. Badala yake jamaa nzima zilikaa humo, zikazaa, zikalea na kusomesha. Mtoto aliyekosa meza nyumbani alikwenda kusoma katika maktaba ya Kaloleni au ya Makadara. Karo yake ilitoka kwa mama auzaye nguo za mitumba Gikomba, kwa mjomba afanyaye kazi kiwandani, kwa chama cha akina mama na kwa mchango wa majirani. Shahada imeandikwa jina moja, lakini mikono iliyoiinua ni mingi.

Wako wasemao kwamba mtu wa namna hii hana ruhusa ya kurudi darasani. Husema: nduguye mdogo yu shule ya sekondari, dada yake anangoja nafasi ya kujifunza ufundi, mama amezeeka kibandani. Kutumia mshahara kwa shahada ya pili wakati wengine hawajapata hata cheti cha kwanza ni sawa na kula mara mbili mbele ya mwenye njaa. Tena huongeza kuwa uzamili si lazima kwa kazi yake. Katika hili wanasema kweli. Nchini Kenya mitihani ya uhasibu husimamiwa na Kasneb, iliyoanzishwa mwaka 1969, na wahasibu wana taasisi yao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1977. Afauluye mitihani hiyo na kusajiliwa hutambuliwa kuwa mhasibu kamili, hata kama hakupata kukanyaga darasa la uzamili.

Wengine husema kinyume. Husema kuwa mtu si mfuko wa jamaa zake, na kwamba kisima kinachotekwa mchana na usiku hukauka. Kijana akizuiliwa kukua kwa sababu ya mahitaji ya leo, kesho atakuwa na mshahara ule ule na mahitaji yaliyozidi. Nao pia wana sehemu ya ukweli. Jamaa ina haki ya kusaidiwa, lakini haina haki ya kumfanya msomi wake kuwa mtumwa wa shukrani.

Uhasibu wenyewe unaweza kuamua kesi hii. Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi wafanyabiashara wa huko walivyoweka hesabu zao. Kanuni yao ingali inafundishwa duniani kote: kila jambo huandikwa mara mbili. Kilichopokewa huandikwa upande mmoja, na kilikotoka huandikwa upande wa pili, na pande mbili sharti zilingane. Daftari lenye upande mmoja si daftari, ni majivuno. Basi mtu asemaye, 'Nimepata shahada,' asiandike popote ilikotoka, ameivunja kanuni ya kwanza ya elimu anayojidai kuijua.

Lakini kanuni hiyo hiyo hufundisha jambo la pili: madeni yote hayalipwi siku moja. Liko deni la leo, na liko deni la miaka mingi. Mwenye busara hulipa kwanza lile ambalo likicheleweshwa huharibu kitu kisichorudi. Karo ya mtoto wa sekondari ni deni la leo, maana ujana wake haumngoji mtu. Uzamili waweza kungoja miaka miwili au mitatu, nao haupotezi ladha. Kwa hiyo mahali ambapo fedha ni moja na haja ni mbili, haki ya mdogo hutangulia. Mahali ambapo mdogo amekwisha kupata njia, au kijana aweza kusoma jioni bila kumnyang'anya mtu sahani yake, kumkataza ni husuda iliyovaa kanzu ya wajibu. Kungoja si kukata tamaa, na kusaidia si kujizika.

Hata hivyo swali zito zaidi ni la pili: elimu hiyo ikipatikana, itafanya kazi gani? Hapa Kenya ina somo chungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Goldenberg ilidai malipo kutoka serikalini kwa kuuza dhahabu na almasi nchi za nje, na ililipwa asilimia 35 ya thamani iliyotajwa. Nchi haikuwa na migodi ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa haba. Makaratasi hayo yalipita mikononi mwa watu wenye vyeo na elimu. Aliyeshtuka na kuyatoa nje ni David Munyakei, karani wa Benki Kuu. Hakuwa mkuu wa idara, wala mkaguzi mkubwa. Mwaka 1993 alishtakiwa na kufukuzwa kazi; tume ya uchunguzi iliundwa mwaka 2003; naye alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Mfano huu usitufanye tudharau shule. Hausemi kwamba ujinga ni mwaminifu. Unasema kwamba elimu ya hesabu ni taa, na taa humulikia mwenye nyumba na mwizi kwa nuru ile ile. Ajuaye sana kufichua hujua sana kuficha. Kwa hiyo kila ngazi ya shahada huongeza uwezo, na kila uwezo huongeza deni. Mhasibu wa uzamili atiaye sahihi hesabu za uongo huiba kwa kalamu dawa ya hospitali na dawati la shule. Na wanaokosa vitu hivyo mara nyingi ni majirani wale wale waliochanga shilingi zao ili asome.

Basi kijana, utamanipo shahada ya pili, usiulize tu kama una akili za kuipata au fedha za kuilipia. Uliza ni nani atakayengoja kwa sababu yako, na kama kungoja kwake kutamharibu. Uliza tena ni kweli gani utakayoweza kuisema kesho ambayo leo huwezi kuisema kwa kukosa maarifa. Ukipata jibu la maswali hayo mawili, nenda darasani kwa moyo mweupe. Ukikosa, subiri. Deni la elimu halilipwi kwa fedha peke yake. Hulipwa pia kwa sahihi isiyonunulika.