Mwenye Nyumba ya Wageni

Habari ya Msamaria mwema yajulikana na wakristu wote. Watoto wa katekisimu huisema kwa moyo. Lakini ni wachache wanaomfikiri mtu wa mwisho katika mfano ule, mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa dinari mbili, akamwachia mgonjwa, akaahidi kurudi. Huyo hakumwokota mtu njiani, alikabidhiwa tu. Naye Msamaria atakaporudi ataona mwenyewe kama vidonda vimepona, au kama mgonjwa amepata vingine ndani ya nyumba.

Hivyo ndivyo walivyo wote wanaowatunza watu wazima wasiojiweza: masista na wasaidizi wa makao ya wazee, wauguzi wa wagonjwa wa akili, wapishi na wafuaji, hata jamaa anayemlisha shangazi kipofu nyumbani kwake.

Kwa mfano, mama mmoja anafanya kazi ya kuwaogesha wazee. Siku moja anaona alama za vidole katika mkono wa mama mzee kipofu; siku ya tatu anaona alama nyingine mgongoni. Anauliza: «Koko, nani amekutendea hivi?» Mzee anajibu: «Nyamaza, mwanangu. Ukisema, nitafukuzwa. Na kule kwetu waliniita mchawi. Nitakwenda wapi?»

Je, anyamaze?

Wengine watasema kwamba kutoa habari ya mwenzake wa kazi ni masengenyo, nayo ni dhambi juu ya amri ya nane. Sivyo. Masengenyo ni kufunua kosa la mtu, pasipo sababu ya haki, kwa wasiolijua. Anayemwambia mkubwa wa makao, ili mzee apate kulindwa, hasengenyi. Kumbe mara nyingi mambo hugeuzwa: habari huzunguka kisimani na sokoni juma zima, na mkubwa peke yake hajui. Hayo ndiyo masengenyo.

Wengine watataja neno la Bwana la kumwonya ndugu kwanza faraghani. Lakini Bwana alinena juu ya ndugu aliyemkosea yule anayeonya. Hapa aliyekosewa ni mwingine, na wakati watu wawili wanapoonyana polepole, mzee analala usiku huu tena chini ya mkono ule ule.

Wengine watangoja ushahidi kamili. Na wasome habari ya Susana katika kitabu cha Danieli, sura ya 13. Watu waliwasadiki wazee wawili kwa sababu ya umri na cheo chao. Danieli alipaza sauti kwanza. Ndipo wazee walipotengwa na kuulizwa mmoja mmoja, uwongo wao ukaonekana. Kuchunguza ni kazi ya wenye mamlaka. Mwogeshaji aseme alichokiona, siku gani, mahali gani pa mwili, na maneno ya mzee kama alivyoyatamka. Asiongeze dhana, wala asimhoji mshukiwa yeye mwenyewe.

Wala asimwahidi mzee kwamba atanyamaza. Mzee si mtoto; ana akili yake, na mapenzi yake yastahili heshima. Basi amwambie waziwazi atamwarifu nani, na kwa nini: katika chumba kile wamo wengine wasioweza hata kulalamika. Na hofu ya kufukuzwa iandikwe pamoja na alama za vidole, kwa maana hiyo nayo ni hatari.

Kosa moja zaidi lastahili kutajwa. Mtu asidhani kwamba akiyaeleza hayo katika Kitubio amekwisha kutoa habari. Padri amefungwa na siri ya sakramenti. Hawezi kumwambia yeyote. Akiisha kuondolewa dhambi, mkristu huyo aende akaseme nje ya Kitubio.

Tarehe 7 Mei 2019 Baba Mtakatifu Fransisko alitoa barua iitwayo kwa Kilatini Vos estis lux mundi. Mwaka 2023 aliithibitisha kwa daima. Yawalazimu mapadri na watawa kutoa habari upesi wakisikia kwamba padri au mtawa amemtendea uchafu mtoto au mtu mzima asiye na nguvu za kujikinga. Walei nao waweza kupeleka habari. Yakataza mtoa habari asiadhibiwe wala asilazimishwe kunyamaza. Barua ile yahusu dhambi za namna ile, haitaji kipigo wala chakula kilichoibwa. Lakini amri ya tano haikungoja barua. Nayo sheria ya Serikali iliyotolewa nchi ilipoitwa Zaire, yamwadhibu yule awezaye kumsaidia mtu aliye hatarini, pasipo kujihatarisha mwenyewe, akakataa kwa kusudi.

Na kama mkono ule ni wa mkubwa wa makao mwenyewe? Basi habari impite, ifike kwa mkubwa wa shirika au kwa askofu, na kwa polisi ikiwa kuna jeraha. Majibu yaweza kukawia. Usiku ule ule, kabla ya jibu lolote, mtu mwingine apewe kazi ya kumwogesha yule mama mzee.