Thawabu ya Daraja

Mwaka 1176 padri Peter wa Colechurch alianza kujenga daraja la mawe juu ya Mto Thames, London. Kila tao lilipangwa juu ya kiunzi cha mbao, mawe yakipanda kutoka pande zote mbili hadi jiwe la katikati likaze yote. Ndipo kiunzi kikaondolewa. Matao yalikuwa 19.

Kwa nini padri? Katika Ulaya ya zama zile, kujenga daraja kulihesabiwa tendo la huruma. Maaskofu waliwaahidi wachangiaji wa madaraja msamaha wa sehemu ya kitubio. Waislamu nao wana sadaka jariya, ambayo thawabu yake haikatiki mtoaji akifa.

Lakini anayetoa ili asamehewe, ametoa au amenunua?

Wanateolojia walijibu kuwa msamaha haufai kitu bila toba ya kweli. Daraja lenyewe halikutenga ibada na biashara: juu yake kanisa dogo la Mtakatifu Thomas Becket lilizungukwa na maduka yaliyolipa pango. Tena nguzo nene zilibana maji, mashua zikapinduka na watu wakazama. Hisani kwa anayevuka juu ikawa hatari kwa anayepita chini.

Peter alifariki mwaka 1205, miaka 4 kabla ya kazi kukamilika, akazikwa kanisani humo. Mfuko wa daraja, uliokuzwa na pango na wasia, hadi leo hutunza madaraja 5 ya London na kusaidia wenye shida.