Mahindi Hayatiwi Moyo

Ukishuka basi Hedaru mchana, unakaribishwa na vumbi kwanza, kisha milima. Huku chini, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Moshi, mvua ni ya kubahatisha. Kule juu Upareni kuna ukungu na migomba. Wazee wetu walilijua hilo zamani, wakachimba ndiva: bwawa dogo linalokinga maji ya mfereji usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa, kila shamba kwa zamu yake.

Nimeikumbuka ndiva kwa sababu ya swali linalonisumbua: je, ni haki kumwambia msichana "unaweza" wakati hujamwekea kitu mkononi?

Nilipokuwa kidato cha tatu alikuja mgeni shuleni kwetu. Akatuambia wasichana tusiogope sayansi, tunaweza kuwa mainjinia na madaktari. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Wiki iliyofuata tukarudi kwenye kemia yetu ya ubaoni. Bureti niliichora vizuri sana, kuishika, sikuwahi. Jioni wavulana walibaki na vitabu vichache vilivyokuwepo, sisi tukawahi foleni ya maji. Matokeo yalipotoka na F yangu ya kemia, sikuilaumu maabara. Nilijilaumu mwenyewe. Si niliambiwa naweza?

Ubaya uko hapo. Neno tamu lisilo na kitu nyuma yake humbebesha mtoto mzigo wa watu wazima: akishindwa, basi hakujitahidi. Mkulima wa ndiva hana mambo hayo. Hasimami shambani kuyaambia mahindi yajitahidi. Anakwenda kuzibua mfereji.

Utaniambia, mtoto si mahindi, ana nia yake, na nia isipochochewa hufa. Kweli kabisa. Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, alianza shule kwa sababu kaka yake alimuuliza mama yao mbona Wangari hasomi kama wao. Lilikuwa swali tu. Lakini mama alipokubali, alikubali pia kuikosa mikono ya binti yake mkubwa pale nyumbani. Neno lilifuatwa na gharama, na gharama ililipwa na mtu mzima.

Nakubali, mifereji mikubwa inachimbwa. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Novemba 2021 serikali iliwaruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule. Kuna ufadhili wa Samia kwa wanaofaulu sana sayansi kidato cha sita. Ila huyo ameshafika kidato cha sita, jamani. Vipi yule aliyeishia kwenye foleni ya maji? Kipande cha mwisho cha mfereji kinapita uani kwetu, na hakuna waziri atakayekuja kukizibua.

Kwa hiyo mimi naona kumtia mtoto moyo ni kama kukopa: ukishasema, unadaiwa. Si lazima ujenge maabara. Pengine deni lako ni saa moja ya jioni, ndoo ikabebwa na kaka yake.

Majuzi nimeombwa nikazungumze na wasichana wa shule moja huko nyumbani. Sijajibu bado. Nimemuuliza mwalimu kwanza: bureti mnazo ngapi, na jioni nani anachota maji?