Kutojua Si Sababu ya Kuacha

TAFAKARI YA WIKI
Masomo: Mhubiri 11:1–6, Marko 4:26–29



Mhubiri hatupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Katika sura ya kumi na moja anamkuta mkulima anayetazama upepo na mawingu, akingoja siku ya kupanda isiyo na shaka yoyote. Anamwambia waziwazi kwamba kwa mwendo huo hatapanda, wala hatavuna. Kisha anampa agizo: apande asubuhi, na jioni mkono wake usilegee. Sababu anayoitoa ndiyo inayonigusa kila nisomapo. Hasemi apande kwa kuwa mbegu ni bora au mvua i karibu. Anamwambia apande kwa kuwa hajui. Hajui kama itakayoshika ni ya asubuhi au ya jioni, au zote mbili. Wengi wetu kutojua hutukunjisha mikono, lakini Mhubiri anakuchukua kutojua kuko huko na kukufanya sababu ya kwenda shambani.

Wiki hii napenda tulitazame neno hilo kupitia kazi ya watu tusiowataja sana mimbarani, yaani wachoraji. Nawafikiria hasa wale wa sanaa dhahania, ambao picha zao hazina mtu wala mti, ila rangi, mistari na maumbo. Tena wale wanaoanza bila mchoro wa awali. Mchoraji huweka rangi ya kwanza, akaitazama, nayo ikamwonyesha pa kuweka ya pili. Aliyezoea simba na ndege wa michoro ya Tingatinga huenda akauliza pana nini hapo. Lakini jambo hili si geni kwetu. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo wanaouita mawingu, vinyago vya mpingo visivyo na uso wala kiungo, umbo likipinda na kufunguka bila kutaka kufanana na kitu chochote.

Mchoraji wa namna hii akikwama, hukwama kweli. Anayechora twiga akiona shingo imepotoka, atarudi kumtazama twiga. Huyu hana twiga wa kumrudia. Wiki moja kila anachogusa kinaitika. Wiki ya pili anapaka nyekundu, haikai. Anaitilia kijani juu kabla haijakauka, na papo hapo zote mbili zinageuka kahawia ya tope. Anakwangua kwa kisu, anapaka tena, tope linaongezeka. Mwisho anaosha brashi na kuigeuzia turubai ukutani. Hapo ndipo inapomjia ile sauti kwamba huenda kipaji kimekwisha, au hakikuwapo tangu mwanzo. Sauti hiyo nimeisikia pia kwa watu wa sala, kwa walimu wa Jumapili wa miaka mingi, kwa wazazi na kwa mapadre. Kila anayefanya kazi ambayo mwisho wake hauoni, ipo siku itamtembelea.

Tumchukue mchoraji Ibrahim El-Salahi. Alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930. Ni Mwislamu, mtoto wa mwalimu aliyeendesha chuo cha Kurani, na mkono wake ulizoea kalamu kwa kuandika aya akiwa bado mdogo. Tumsikilize kwa heshima, maana Mungu hakuifungia hekima ndani ya ua wetu peke yetu. Mwaka 1954 alikwenda London kusoma sanaa katika Slade School, akarudi nyumbani 1957 na ujuzi wote wa Ulaya mkononi. Akatundika picha zake katika Grand Hotel mjini Khartoum. Watu walifika siku ya ufunguzi, kisha hawakuonekana tena. Picha zilikuwa nzuri, lakini hazikuzungumza na mtu yeyote wa pale.

Akaacha kupaka rangi, akaenda kuizunguka nchi yake. Atangaye na jua hujua. Alitazama mikeka na vibuyu, alitazama nakshi ambazo akina mama walizipamba nyumbani, na zile herufi za Kiarabu alizokuwa ameziandika utotoni bila kuziona. Aliporudi kwenye kazi alianza kwa maandishi madogo pembeni mwa picha. Kidogo kidogo herufi zikakua, zikaingia katikati. Kisha akazipasua, akaingia ndani yake, na humo mkatokea sura, wanyama na mimea visivyotarajiwa na mtu, hata yeye mwenyewe. Kutoka humo likazaliwa kundi la wasanii ambalo ulimwengu unaliita Shule ya Khartoum.

Mwaka 1975 mambo yakageuka. Alikuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya utamaduni. Akakamatwa kwa tuhuma za kuhusika na jaribio la kupindua serikali, akafungwa miezi sita katika gereza la Kober bila kufikishwa mahakamani. Kukutwa na kalamu au karatasi humo kulikuwa na adhabu. Akawa anachora kwa siri kwenye vijikaratasi na vipande vya mifuko ya saruji, na askari akitokea anavifukia mchangani. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walisema, na huyu hakuwa hata na jembe la kuchagua.

Kipande cha mfuko kinachotosha kiganjani hakiwezi kubeba picha kubwa. Kinabeba kipande tu cha picha. Ilimbidi aanze na kiini kidogo, kisha achukue kipande kingine na kukiendeleza kutoka pale cha kwanza kilipoishia, bila kuiona picha nzima wala kujua itakuwa nini. Hiyo ilikuwa hila ya mfungwa. Baadaye ikawa ndiyo njia yake ya kazi. Miaka ya 1984 na 1985, akiwa nje ya nchi yake, alichora kwa wino mweusi picha iitwayo The Inevitable, yenye vipande tisa, iliyokua kwa namna ile ile kutoka kipande hadi kipande. Leo inahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za sanaa ya Afrika ya karne iliyopita. Mwaka 2013 jumba la sanaa la Tate Modern mjini London lilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote. Na uzeeni kule Oxford, maumivu ya mgongo yalipomzuia kusimama mbele ya turubai kubwa, alianza kuchora kwenye pakiti za dawa zake mwenyewe, akiwa ameketi kitini. Gereza lilikuwa limeshamfundisha kwamba kidogo kinatosha kuanzia.

Mchoraji Alma Thomas wa Marekani alikuwa na jaribu la namna nyingine. Alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1891, na familia yake ikahamia Washington mwaka 1907. Kuanzia 1924 hadi 1960 alifundisha sanaa watoto wa shule moja mjini humo. Uchoraji wake mwenyewe ulisubiri jioni na likizo. Alipostaafu, akaona sasa saa yake imefika, na mwaka 1964 baridi yabisi ikamkamata vibaya mpaka akafikiri kuweka brashi chini kabisa. Ndipo Chuo Kikuu cha Howard, alikosoma, kikamwomba aonyeshe kazi zake mwaka 1966. Angeweza kukusanya picha za zamani, na hakuna ambaye angemlaumu. Alitaka kitu kipya. Akakaa sebuleni akitazama mti uliokuwa mbele ya dirisha, jinsi mwanga ulivyopenya kati ya majani na kukatikakatika kwenye vioo.

Hakuuchora mti. Alichukua vile vipande vya mwanga. Ukizisogelea picha zake unaona mguso mmoja mfupi wa brashi, pembeni yake mwingine wa rangi ile ile, kisha mwingine, hakuna mnyoofu hata mmoja, na kati ya mguso na mguso pamebaki ufa mwembamba mweupe. Ukirudi nyuma hatua chache, nyufa zile ndizo zinazoifanya picha ing'ae. Mkono wenye maumivu haukuweza mistari mirefu laini, lakini mguso mfupi uliuweza. Alifanyia kazi humo humo nyumbani, jikoni na sebuleni. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kupewa maonyesho ya peke yake katika jumba la Whitney, New York. Picha yake ya mwaka 1966, duara ndani ya duara za miguso hiyo, aliyoiita Resurrection, yaani Ufufuo, ilitundikwa Ikulu ya Marekani mwaka 2015, miaka 37 baada ya kifo chake.

Ndugu zangu, hapa tuwe waangalifu. Ni rahisi kuyageuza maisha ya watu hawa kuwa hesabu ya duka: vumilia kiasi hiki, utalipwa umaarufu kiasi hiki. Mhubiri hakuahidi hivyo. Hakusema zote mbili zitaota. Wapo wachoraji waliofanya kazi kwa uaminifu ule ule na picha zao zimeliwa na mchwa. Kama ombi la Howard lisingekuja, zile jioni za mwalimu Alma jikoni zingekuwa zimepotea? Mimi nasema hapana. Aliyepanda asubuhi na jioni amemtii Mungu asubuhi na jioni. Mavuno yana mwenyewe.

Yesu naye, katika Marko, anatuonyesha mtu aliyetupa mbegu ardhini, akalala, akaamka, usiku na mchana, nayo mbegu ikaota pasipo yeye kujua ilivyofanya. Tazameni kwamba katika mfano huo mtu analala. Kulala kumo ndani ya kilimo. Mchoraji Agnes Martin aliondoka New York mwaka 1967 na hakupaka rangi kwa miaka kadhaa. Alirudi kwenye turubai katika miaka ya 1970 na kuendelea hadi uzeeni, akafa mwaka 2004 akiwa na miaka 92. Kwa hiyo asiyepaka rangi mwezi huu asijihukumu haraka kuwa ameacha. Ajiulize kama jicho lake bado liko kazini. El-Salahi hakushika brashi alipozunguka Sudan, ila alikuwa akitazama. Mama Alma alitazama dirisha lake. Anayepumzika huendelea kutazama, na kuna siku kitu kitamwita.

Kwa wiki hii nawaachia mambo matatu, na yule asiyechora ayahamishie kwenye sala yake, darasa lake au malezi yake.

La kwanza, kazi kubwa ikikataa, shika ndogo. Kama turubai inakutisha, chukua karatasi inayoenea kiganjani na rangi mbili tu. Kama rozari nzima au saa nzima ya Neno imekuwa mlima, anza na Baba Yetu moja iliyosemwa polepole.

La pili, usiihukumu kazi siku ile ile uliyoifanya. Jioni macho yamechoka na moyo una hasira; hakimu wa namna hiyo hafai. Igeuzie ukutani, ukaitazame baada ya wiki. Na usiitupe. Kile unachokiona tope leo huenda kina kona moja ndogo ambayo kazi ya mwakani itaanzia.

La tatu, sauti ile ikija na kukuuliza, unajuaje kama haya yote yana maana, usihangaike kubishana nayo. Ikubalie kwamba hujui. Kisha uiambie, kwa maneno ya kwako, kile Mhubiri alichomwambia mkulima: kwa sababu sijui, ndiyo maana naendelea.

Tuombe.

Ee Mungu Muumba, uliyemjaza Bezaleli roho yako ili mikono yake ijue kazi, utazame kila mkono uliochoka wiki hii. Wanaotazama mawingu uwape ujasiri wa kupanda. Wanaolala kwa uchovu uwape usingizi usio na lawama. Yale tuliyoyafanya vibaya uyapokee pamoja na mazuri, maana hata kuyatenganisha hatuwezi. Utufundishe kukuachia mavuno, na kesho asubuhi utukute tena kazini. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.